Mawe ya figo yanayorudi: pima mkojo, si glasi za maji

Karibu kila aliyewahi kuugua mawe ya figo ameambiwa anywe maji mengi. Mengi kiasi gani, haambiwi. Utaratibu huu ndio ninaowapitisha wagonjwa ninaowasaidia, nao unaanzia chooni.

1. Muulize daktari kwanza

Kama moyo au figo zako ni dhaifu, au umewahi kuzuiwa kunywa maji mengi, usianze bila ruhusa. Jiwe likitoka, lipeleke maabara. Mengi ni ya kalsiamu, lakini la asidi ya yuriki kwa kawaida huhitaji pia dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, na hapo maji peke yake hayatoshi.

2. Weka lengo

Utoe angalau lita 2.5 za mkojo kwa siku. Madini yakiwa mengi kwenye mkojo kidogo hugandamana na kuwa chembe. Mkojo ukiongezeka, yanabaki yameyeyuka. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia kwa miaka 5 watu 199 waliokuwa wamepata jiwe la kwanza la kalsiamu. Kundi lililokunywa hadi kutoa lita 2 au zaidi, asilimia 12 walipata jiwe tena. Kundi la pili, ambalo halikuambiwa liongeze maji, asilimia 27. Maji yamepunguza, hayajamaliza.

3. Kusanya mkojo wa saa 24

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Ukiamka, tuseme saa 1 asubuhi, kojoa chooni kama kawaida na uandike saa. Mkojo huo HAUHESABIWI, kwa sababu ni wa usiku uliopita. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, mpaka kesho yake saa 1 asubuhi, ambapo mkojo wa kuamkia unahesabiwa. Ukihesabu wa asubuhi zote mbili, utajiona umefikia lengo kumbe bado.

Tumia jagi la plastiki lenye alama za mililita, kisha umimine kwenye dumu. Kukojoa moja kwa moja kwenye dumu ni kujitafutia kazi ya kupiga deki. Kojoa kabla ya kwenda haja kubwa, la sivyo sehemu itapotea. Ukisahau hata mara moja, mwaga yote uanze siku nyingine, usikadirie.

Chagua siku ya kawaida. Ukipima siku ya mapumziko umekaa karibu na maji, hutajua kinachotokea siku ya kazi, unapobana mkojo na kukwepa kunywa ili usisumbuke. Kama maabara ndiyo itakayopima, tumia chombo chao na usimwage dawa wanayoweka ndani.

Rangi ya mkojo? Siiamini sana. Vidonge vya vitamini B huufanya wa njano hata ukiwa umekunywa vya kutosha.

4. Ziba pengo

Ukipata lita 1.6, umepungukiwa na mililita 900. Ongeza maji kiasi hicho, na zaidi ukitoka jasho. Yagawe siku nzima. Kugugumia lita nzima kwa mkupuo sikushauri. Kunywa glasi kabla ya kulala, na ukiamka kukojoa kunywa nyingine, maana mkojo wa usiku ndio mzito zaidi. Maji ya kawaida yanatosha, ukitaka kamulia limau. Pima tena baada ya wiki chache.

5. Punguza chumvi, usiache maziwa

Chumvi nyingi huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Kalsiamu ya chakula, kinyume chake, hukamata oksaleti (kemikali ya kwenye vyakula inayoungana na kalsiamu kuwa jiwe) tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Mpango huu ni wa kuzuia jiwe jipya. Maumivu ya ubavu yakija na homa, au mkojo ukikata kabisa, weka glasi chini uende hospitali saa hiyohiyo.