Jinsi ya kula usiku wa kupanda kileleni ili sukari isikuishie njiani

Wadogo zangu mnaoanza upagazi wa Kilimanjaro hapa Moshi, hii ya "mi nimezoea njaa" iacheni kabisa. Mwili kweli unajua kujitengenezea sukari ila gharama yake ni kubwa mno.

Iko hivi, ini la mtu mzima aliyekula vizuri linatunza sukari kama gramu 100 hivi na ubongo peke yake kwa siku unataka kama 120, kwahiyo ukilala bila kula halafu saa 6 usiku mnaondoka kambi ya Barafu kwenda juu ile akiba inakata mapema, ini linaanza kutengeneza nyingine kwa lakteti (mabaki ya sukari iliyovunjwa) inayotoka kwenye misuli, gliseroli ya kwenye mafuta, hadi protini za misuli yako mwenyewe. Misuli ikivunja glukosi moja, yaani sukari yenyewe, chapchap kuwa lakteti inapata ATP 2 tu, hizo ATP ndo nguvu seli inayotumia. Ini likitaka kuirudisha ile lakteti iwe glukosi tena linalipa ATP 6! Na hiyo nguvu linaitoa kwenye kuchoma mafuta, kazi inayotaka oksijeni, sasa huko mita 5,000 oksijeni yenyewe ya kugombania.

Kwahiyo jioni shiba wanga, ugali, wali, viazi, supu tupu haitoshi. Kabla ya kuondoka kunywa uji wa moto wenye sukari hata kama hamu huna, na huko juu hamu inapotea kweli. Biskuti au glukosi ya unga weka mfuko wa ndani wa jaketi maana ukiiacha kwenye begi na mikono imekufa ganzi hutaitoa, kula kidogokidogo kila mkipumzika.

Mwenzako akianza kutetemeka, jasho jembamba, anaongea vitu havieleweki, mpe kitu cha sukari kama bado anameza vizuri, akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni. Asipokaa sawa haraka mshusheni, ugonjwa wa mwinuko nao unaanza hivyohivyo.

Na mkishuka, jamani mbege, ile pombe ya ndizi. Ini likiwa linahangaika na pombe linashindwa kutengeneza sukari, sasa mtu katoka geti la Mweka na njaa akapitiliza kilabuni anaweza kudondoka watu wakasema kalewa kumbe sukari imeshuka. Piga mtori bakuli zima kwanza ndo uende. Mwenye kisukari anayechoma insulini yeye aongee na daktari wake kabla hajabeba mzigo wowote.