Fundi akisikia Lavington bei inapanda: jua unalipia nini na utoe ipi

Tap ni ile ile na washa, ile mpira ya ndani, ni ile ile ya pesa ndogo, lakini hapa Nairobi ukiwa Umoja, mtaa wa kawaida, unaitishwa bei moja na ukiwa Kileleshwa, mtaa wa wenye pesa kama Lavington, unaitishwa mara mbili, alafu tunasema fundi ni mwizi. Saa zingine ni kweli. Saa zingine hiyo bei iko na haki yake, na usipojua ipi ni ipi utabishana na mtu kwa pesa ya jasho lake na ulipe bila kuuliza pale unapigwa, yaani unaibiwa.

Tuanze na jasho. Ukiita mtu atoke Kayole, mtaa wa kawaida, aje Runda kwa matajiri, anapanda matatu mpaka tao, ingine ya kutoka tao, alafu boda ya kumwingiza ndani, na jioni ni hivyo hivyo kurudi. Akifika geti anaandikwa kwa kitabu, anaacha kitambulisho, soja anakupigia simu hushiki kwa sababu uko miting, yeye amesimama hapo kwa jua na begi ya spana. Huko kwao angekuwa ameshamaliza kazi mbili tatu akitembea kwa miguu. Hiyo siku lazima mtu ailipe, na ni wewe. Kuna pia hasara: kwa ploti akivunja tap ya plastiki anakimbia hadiwea ya hapo chini, lakini kwako akikwaruza mixa (tap ya maji moto na baridi) ya kutoka Italia ama apasue mabo, lile jiwe la kaunta, atafanya kazi mwezi mzima akilipa.

Sasa kupigwa. Fundi akiletwa na keateka ama soja, jua kuna cha juu ndani, na haitoki kwa mfuko wa fundi, imeongezwa kwa bei yako. Alafu kuna bei ya macho, ameona gari kwa paking na tivi ya ukutani, akakohoa kidogo kabla aseme. Lakini kwa maoni yangu shimo kubwa kabisa ni vifaa. Leba mtu anaona aibu kuipandisha sana, lakini bomba na kebo huzijui bei, na risiti ya mkono inaandikwa chochote.

Kwa hivyo kabla aje mtumie picha na video kwa WhatsApp, uandike kitu kama hii: "Fundi habari, sinki ya jikoni inavuja chini, picha ndio hiyo. Niko Lavington. Niambie leba peke yake, fare peke yake, na orodha ya vifaa." Usifiche mtaa, akifika atauona na aongeze, na hapo tayari umemkosea. Ukishapata orodha pigia hadiwea mbili simu uulize bei, ama ununue mwenyewe. Vitu vya stima ukishuka River Road ama Luthuli utapata bei nzuri kuliko duka la kwa mall, ila angalia feki, swichi ama soketi ikiwa nyepesi kama karatasi wachana nayo.

Tafuta fundi wa jirani. Lavington iko na Kawangware hapo, Westlands iko na Kangemi, kwa nini ulipie fare ya Kayole? Na usiite mtu kwa tap moja, ngoja sinki, flashi ya choo na ile bawaba ya kabati zifike pamoja, umchukue kwa siku nzima mkielewana bei ya siku. Hii peke yake inaokoa pesa kuliko kubagein kwote.

Kwa stima usitafute rahisi. Mwambie akuonyeshe leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia kawi, akianza hadithi mwachilie aende, hata kama ni binamu ya keateka.

Pesa ya vifaa unaweza toa mapema, leba hapana. Akimaliza fungua maji, zungushia tishu kwa joint, mpe chai mkae kidogo, tishu ikibaki kavu tuma M-Pesa. Alafu sevu namba yake na mtaa anakotoka, siku ingine umpigie moja kwa moja bila kupitia geti, na umwambie soja mapema asimsimamishe.