Somo: Laptopu inachemka, feni inapiga kelele au haizunguki kabisa

Wakuu, wiki iliyopita nililetewa laptopu inayozimika yenyewe kila baada ya dakika 20. Mwenyewe alishaambiwa prosesa imekufa, atafute mashine nyingine. Nilipoifungua, kati ya feni na mapezi ya shaba nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima kwa kibano. Mashine inapiga kazi mpaka leo, na ndiyo maana naandika: inauma kuona mtu anatupa kitu kizima.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika bisibisi
Kwenye Windows tumia programu ya HWiNFO. Kwenye Linux weka programu ya lm-sensors, kisha andika sensors kwenye terminal. Tazama joto la prosesa pamoja na mizunguko ya feni. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 ni kawaida. Kwa joto la Dar hata 60 isikutishe. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 au 105. Zikifika hapo hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine huzimika. Kwa hiyo laptopu inayokuwa nzito ghafla usikimbilie kuisingizia virusi.

Joto likiwa juu na feni inakimbia, hewa haipiti au pesti (krimu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa) imekauka: fuata hatua ya 2 na ya 3. Kama feni inasoma sifuri wakati joto liko juu, au inapiga kelele wakati joto liko chini, ruka hadi ya 4.

Hatua ya 2: Vumbi
Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Fungua kabisa, ukipuliza kwa nje unalisukuma vumbi ndani zaidi. Zuia feni kwa kijiti cha meno kabla ya kuwasha blowa, maana ikizungushwa ovyo na upepo beringi zinakufa.

Hatua ya 3: Pesti
Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, weka tone jipya kama punje ya mchele, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa pale. Dawa ya meno hapana, hata kama fundi anakuapia.

Hatua ya 4: Udhibiti wa feni
Hakikisha waya wa feni umekaa. Rudisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kwenye mipangilio ya kiwandani, ondoa programu zote za kuongoza feni, washa upya, pima tena. Isipozunguka bado, huenda feni yenyewe imekufa.

Wenye ThinkPad na Linux: ongeza fan_control=1 kwenye moduli ya thinkpad_acpi, kisha andika "level auto" ndani ya /proc/acpi/ibm/fan. Ngazi za kasi ni 0 hadi 7. Ya 0 inasimamisha feni kabisa, usiiache hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwenye deskitopu nimebadili feni, sasa inakimbia kasi ya mwisho muda wote.
— Hesabu pini. Ya pini 3 huongozwa kwa volti, ya pini 4 kwa mawimbi ya PWM (umeme unaowaka na kuzima haraka haraka). Kama yako ni ya 3, ingia BIOS uitoe kwenye PWM uiweke DC, yaani iongozwe kwa volti.

Yangu inazunguka vizuri, lakini nikiwasha inaleta kosa la feni ya prosesa.
— Umeichomeka CHA_FAN, tundu la feni ya kasha, dada. Ihamishie CPU_FAN, la feni ya prosesa.

Kaka, fundi sina hela naye mpaka mwisho wa mwezi, na nina ripoti ya chuo.
— Pole sana. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme, upande wa prosesa, shusha kiwango cha juu kutoka asilimia 100 hadi 99. Hapo prosesa haipandi tena juu ya kasi yake ya msingi, na kwa kuandika ripoti hutaona tofauti. Usiiweke juu ya godoro. Weka mezani, uinyanyue nyuma kwa vifuniko 2 vya chupa za soda. Na hifadhi kazi yako kila mara.