Somo: Kiko chenye digali la mwanzi

Wakuu, kuna waliouliza ile shingo ya mafundomafundo ya kiko changu nimeitengenezaje. Majina kwanza, tusije tukapotezana: bori ni kichwa kinachotiwa tumbaku, digali ni shingo, shilamu ni kipande cha mdomoni. Nimeyaazima kwenye kiko cha maji cha wazee wa pwani. Mtindo wenyewe ni wa kigeni. Dunhill, kampuni ya viko ya London, huuita Whangee.

1. Mwanzi. Usikate shina, fukua mzizi unaotambaa. Huko vifundo vimesongamana na ndani hamna uwazi mkubwa. Unene wa milimita 15 hivi unatosha. Uanike kivulini kwa miezi, juani utapasuka. Cha kwanza sikungoja. Niliuunga mwanzi ukiwa na wiki tatu tu. Mwezi haukuisha, ukasinyaa na kupasuka toka kifundo hadi kifundo, bomba la chuma la kuungia likawa linacheza ndani.

2. Bori. Mafundi wa Ulaya hutumia kibonge cha mzizi wa Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Mimi nachonga mzeituni mkavu: shimo upana milimita 20, kina 38, kuta zisipungue 8. Tundu la moshi litokee chini kabisa, katikati.

3. Kutoboa. Hapa ndipo kazi ilipo. Funga mwanzi kwa kitambaa kabla ya kuubana kwenye jiliwa (kibano cha mezani). Tumia biti (ncha ya keekee) ya milimita 4, anzia ncha moja hadi katikati, geuza, anzia nyingine. Taratibu: kila sentimita moja itoe biti, pangusa vumbi. Ukisikia harufu ya kuungua, pumzika. Kisha panua kila ncha kwa biti ya 6, kina milimita 12. Toboa hivyohivyo kwenye bori.

4. Kuunga. Kata vipande viwili vya bomba la chuma kisichoshika kutu, nje milimita 6, ndani 4. Kimoja huunga bori na digali, kingine hushika shilamu. Pitisha kwanza kijiti kilichopakwa nta ndani ya bomba, gundi ya epoksi isizibe njia. Kati ya bori na mwanzi mimi huweka pete ya kifuu. Kazi yake ni urembo tu. Shika maungio mbele ya taa: mwanga ukipenya, rudi kwenye msasa.

5. Ngozi ya mwanzi usiisugue msasa. Nta ya nyuki na kitambaa, basi.

MASWALI

— Fundi, huku kwetu ni mashina tu, mizizi haichimbiki.
Tumia tawi jembamba lenye ukuta mnene. Utando wa kila kifundo utoboe kwa waya uliochomwa moto.

— Mkuu, ni kweli mwanzi unachuja sumu?
Hapana. Unanyonya unyevu kidogo na moshi unafika umepoa. Tumbaku ni ileile.

— Changu kimegeuka rangi ya chai, kimeoza?
Hakijaoza, dada. Ndivyo mwanzi unavyokolea ukitumika. Ila ukiona unga mwembamba unadondoka, hao ni bungua, wadudu watoboao mti. Ng'oa digali hilo utupe.

— Shilamu yangu imelegea.
Usiongeze gundi. Paka nta kwenye bomba, uichomeke tena.