Pensheni ya serikali ya Uingereza: mambo ya kuweka sawa kabla hujarudi nyumbani

Aliyechangia Uingereza miaka kumi kisha akarudi Mombasa, Mwanza au Mbarara ana haki ya kulipwa pensheni ya serikali ya huko mpaka siku anayofariki. Haulizwi uraia, wala halazimiki kuishi Uingereza. Hata viza ya kazi inayomnyima mtu fedha za umma, yaani misaada ya serikali, haimzuii, kwa sababu pensheni hii haimo katika orodha ya fedha hizo. Inatokana na michango ya Bima ya Taifa, ile NI inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Tunaanza na hili kwa makusudi, maana wengi wenye viza za kazi hudhani makato yale ni kodi tu iliyokwenda na maji, na wanaondoka bila hata kuangalia wana miaka mingapi ya michango.

Pensheni mpya inawahusu wote waliofikia umri wa kustaafu kuanzia 6 Aprili 2016. Miaka 10 ya michango ndiyo kiwango cha chini. Kwa aliyeanza kuchangia baada ya tarehe hiyo, miaka 35 ndiyo inayoleta pensheni kamili, ambayo mwaka wa kodi 2025/26 ni pauni 230.25 kwa wiki. Kati ya 10 na 35, unalipwa kwa uwiano: kila mwaka mmoja una thamani ya takriban pauni 6.58 kwa wiki, yaani kama pauni 342 kwa mwaka. Mwenye miaka 9 hapati chochote, na michango yake hairudishwi. NSSF ya Kenya na ya Uganda humruhusu anayehama nchi moja kwa moja kuchukua akiba yake. Uingereza haina utaratibu huo. Wala miaka uliyochangia NSSF nyumbani haiunganishwi na ya Uingereza, kwa kuwa hakuna mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya nchi hizo. Ila kama kabla ya Uingereza ulifanya kazi katika nchi ya Umoja wa Ulaya, tuseme Uholanzi au Sweden, miaka ya huko huweza kuhesabiwa ili kukufikisha kwenye ile 10, kwa hiyo itaje unapoomba.

Umri wa kustaafu umekuwa 66 na sasa unapanda. Aliyezaliwa kati ya 6 Machi 1961 na 5 Aprili 1977 atasubiri hadi atimize 67.

Mwaka unaohesabiwa na usiohesabiwa

Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili. Ili mwaka uhesabiwe, kipato chako kutoka kwa mwajiri mmoja lazima kifike kima fulani, ambacho kwa 2025/26 ni pauni 125 kwa wiki au 6,500 kwa mwaka. Ukipata kati ya pauni 125 na 242 kwa wiki hukatwi kitu, lakini mwaka unahesabiwa kana kwamba umelipa. Mtego uko kwa wenye kazi mbili. Anayefanya usafi asubuhi kwa pauni 100 kwa wiki na kuhudumia wazee jioni kwa pauni 100 nyingine ana pauni 200 mfukoni, lakini kazi hizo hazijumlishwi. Kila mwajiri anatazamwa peke yake, na mwaka mzima unaweza kupita bila kuhesabiwa. Ukiwa katika hali hiyo, kuongeza saa kwa mwajiri mmoja mpaka uvuke kima kunakufaa kuliko kugawa saa zilezile kwa waajiri wawili.

Anayejiajiri, kama dereva wa teksi au msambazaji wa vyakula, mwaka wake unahesabiwa faida ikifika pauni 6,845 kwa 2025/26. Ikiwa chini ya hapo anaweza kulipa kwa hiari michango ya NI ya daraja la 2, ile ya waliojiajiri, pauni 3.50 kwa wiki mwaka huo. Lazima awasilishe ritani yake ya kodi kufikia 31 Januari. Ritani isipofika, hesabu haifanyiki na pengo linabaki.

Mlezi wa mtoto wa chini ya miaka 12 anayedai posho ya mtoto huhesabiwa mwaka bila kulipa. Familia ambazo mapato yao ni makubwa mara nyingi haziombi posho hiyo kwa kuwa ingerudishwa kama kodi. Hapo mama aliyeacha kazi hupoteza miaka bure. Njia sahihi ni kujaza CH2, fomu ya kuomba posho hiyo, na kukataa malipo, ili fedha zisije lakini miaka ihesabiwe. Angalizo kubwa: posho ya mtoto ni fedha za umma. Kama viza yako inazikataza, usiiombe kwa sababu ya pensheni, kwani unaweza kuharibu ombi lako la ukaazi.

Kagua kumbukumbu ukiwa bado huko

Kumbukumbu zako ziko HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, na unaziona kwa kufungua akaunti ya kodi mtandaoni. Utathibitishwa kwa pasipoti, hati ya mshahara au P60, ile hati ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka mzima, na utatumiwa namba za siri kwenye simu. Fungua akaunti hiyo kabla ya kuondoka, kisha hamisha namba za siri kutoka SMS kwenda programu ya simu ya uthibitisho. Laini ya Uingereza usiyoiwekea salio itakufa, nayo ikifa umejifungia nje ya akaunti yako.

Ndani utaona mambo mawili: orodha ya miaka, kila mmoja ukionyeshwa kama umekamilika au la, na makadirio ya pensheni. Soma vyote viwili. Usihesabu miaka peke yako, hasa kama ulifanya kazi NHS, yaani huduma ya afya ya umma, au serikalini kabla ya 2016. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa kwenye mpango wa pensheni wa mwajiri uliowapunguzia michango ya NI, kwa hiyo huenda wakahitaji zaidi ya miaka 35 kufikia kiwango kamili. Makadirio huwa yameshazingatia hilo.

Mwaka uliofanya kazi ukionyeshwa kuwa haujakamilika, linganisha na P60 ya mwaka huo. Hutokea wakala wa ajira akakata NI kwenye mshahara na asiifikishe HMRC, au akaiwasilisha chini ya namba isiyo sahihi. P60 na hati za mshahara ndizo ushahidi wako. Zipige picha zote, uzihifadhi mahali pasipotegemea barua pepe ya kazini.

Majina nayo hutuletea taabu kuliko tunavyodhani. Majina matatu ya pasipoti yakageuka mawili kazini, jina la baba likawekwa mahali pa jina la kwanza, au mke akabadili jina baada ya ndoa upande mmoja tu. Tarehe za kuzaliwa zinazotofautiana kati ya cheti na pasipoti ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa ndizo zinazoamua siku ya kuanza kulipwa. Iandikie HMRC, ambatisha nakala za vyeti, na taja namba yako ya NI kila unapoandika. Barua moja leo inaokoa miezi ya kujibizana kwa posta utakapofika miaka 67.

Kununua miaka

Kwa kawaida unaweza kuziba mapengo ya miaka sita iliyopita. Daraja la 3, yaani michango ya hiari ya kuziba mapengo, kwa 2025/26 ni pauni 17.75 kwa wiki, sawa na pauni 923 kwa mwaka mzima. Kwa kuwa mwaka mmoja unaongeza kama pauni 342 kila mwaka wa kustaafu, fedha hiyo inarudi katika muda usiofika miaka mitatu ya malipo, hata kama pensheni yako haitaongezwa tena. Kwa mwenye miaka 8 au 9, kununua kile kilichobaki kufikia 10 ndiyo tofauti kati ya sifuri na malipo ya maisha. Lakini usilipe kabla ya kuuliza. Yapo mapengo ambayo ukiyaziba pensheni haiongezeki hata senti. Piga simu Future Pension Centre, ofisi ya serikali inayoshughulikia makadirio ya pensheni, wakuambie ni miaka ipi hasa itakayoongeza.

Walioko nje walikuwa na njia rahisi sana, daraja la 2 kwa pauni 3.50 kwa wiki. Kwa vipindi vya nje vinavyoanza 6 Aprili 2026 njia hiyo imefutwa, na anayeomba upya kuchangia akiwa nje lazima awe ameishi Uingereza miaka 10 mfululizo au amechangia miaka 10. Zamani mitatu ilitosha. Kwa hiyo ushauri wa kale, kwamba ufanye kazi miaka minne mitano kisha umalizie kwa bei nafuu ukiwa nyumbani, haufai tena. Mwenye miaka saba anayefikiria kurudi ana uamuzi mzito wa kufanya kabla ya kukata tiketi. Fomu ya kuomba kuchangia ukiwa nje ni CF83.

Pensheni inayoganda

Hili ndilo linalouma, na ni haki yako kulijua mapema. Anayeishi Uingereza huongezwa pensheni kila Aprili, kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ukuaji wa mishahara na asilimia 2.5. Nje ya nchi, nyongeza hiyo hutolewa Ulaya na katika nchi chache zenye mkataba, kama Marekani, Jamaika na Ufilipino. Afrika nzima, Mauritius peke yake imo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo, na pensheni hubaki pale ilipoanzia.

Tazama ukubwa wake. Pensheni kamili mwaka 2016/17 ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Aliyeanza kulipwa mwaka huo akiwa Kisumu bado anapokea 155.65, huku mwenzake aliyebaki Leicester akipokea 230.25 mwaka 2025/26. Pengo ni pauni 74.60 kila wiki, karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na wote wawili walichangia sawa. Kuanzia Aprili 2026 aliyebaki Uingereza anapanda hadi 241.30. Ni dhuluma kwa maoni yetu, lakini ndiyo sheria ilivyo, na bajeti ya uzeeni lazima ipangwe hivyo.

Kuna mambo machache ya halali yanayosaidia. Ukihama baada ya kuanza kulipwa, kiwango kinaganda pale kilipokuwa ulipohama. Kwa hiyo anayepanga kuondoka Machi afikirie kusubiri mpaka nyongeza ya Aprili ianze kulipwa. Ukirudi kuishi Uingereza, unapandishwa hadi kiwango cha sasa. Kilicho haramu ni kutumia anwani ya mtoto au ndugu ili uonekane bado unaishi huko. Ikigundulika unadaiwa fedha yote iliyozidi, na unaweza kushtakiwa.

Kuomba na kulipwa

Pensheni haiji yenyewe. Unaiomba, na unaweza kuanza miezi minne kabla ya siku yako. Barua ya kukukumbusha hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu, ambayo huenda ni ile nyumba ya kupanga uliyoihama zamani. Usiisubiri. Ukiwa Afrika Mashariki, ombi linapitia International Pension Centre, ofisi ya Uingereza ya pensheni za walioko nje. Ukichelewa, unaweza kulipwa ya nyuma kwa miezi isiyozidi 12.

Malipo huingia kila wiki 4 au kila wiki 13, kwenye benki ya Uingereza au ya nyumbani. Kwa benki ya nyumbani utahitaji msimbo wa SWIFT, namba ya akaunti na jina linalofanana kabisa na la kwenye ombi. Benki zetu hazitumii IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, basi usijaze namba ya kubahatisha kwenye nafasi hiyo, uliza.

Baadaye itakuja fomu ya uhakiki kuthibitisha kwamba u hai. Unaisaini mbele ya shahidi mwenye taaluma inayokubalika, naye si lazima awe na pasipoti ya Uingereza. Isiporudishwa kwa wakati, malipo yanasimamishwa. Mara nyingi fomu hupotelea kwenye S.L.P. ya shule au kanisa inayotumiwa na watu mia. Kodi sanduku lako mwenyewe.

Misaada mingine haisafiri. Nyongeza ya pensheni kwa wenye kipato kidogo, Pension Credit, hudumu wiki 4 tu ukiwa nje, hadi 8 ukiwa umefiwa na ndugu wa karibu. Universal Credit, msaada wa wenye kipato kidogo ambao hawajafikia umri wa kustaafu, ni mwezi mmoja, na mwingine mmoja kwa msiba. Anayesafiri kwa mazishi aarifu ofisi kabla ya kupanda ndege, aeleze sababu na tarehe ya kurudi, maana matanga na mirathi huvuta siku.

Na familia ijue namba ya NI ya mzee na mahali karatasi zilipo. Akifariki, International Pension Centre iarifiwe mara moja. Malipo yatakayoingia baada ya kifo hudaiwa kurudishwa, na wanaobaki na deni hilo ni warithi waliokwisha kuyatumia kwenye msiba.