Hereni za udongo: gusisha shavuni kwanza

Hereni zangu za kwanza, vipande 32, zilitoka tanurini zikiwa zimepasuka vipande-vipande. Fundi aliyenikodisha nafasi kwenye rafu ya tanuri lake akachekea pembeni, kisha akaniuliza, "Dada, ulizigusisha shavuni?" Sikujua anaongea nini. Nitakueleza tukifika hapo.

Udongo. Nunua udongo wa mfinyanzi uliokwisha kuchujwa, na umuulize muuzaji unachomwa kwa joto gani. Kilo moja inatoa jozi 50 hivi, mradi urudie kukanda mabaki. Ukitaka kuona kwa macho kazi ya vipambo vya udongo, karakana ya Kazuri iko kule Karen, Nairobi, na wamekuwa wakitengeneza shanga za udongo tangu 1975.

Kukanda na kusukuma. Kanda kama unga wa chapati, ila usiukunje ukafungia hewa ndani. Tandaza kitambaa cha pamba, weka vijiti viwili vya unene wa milimita 3 huku na huku, halafu sukuma kwa mti wa chapati hadi mti ukae juu ya vijiti. Mimi niliwahi kupenda milimita 5 kwa kuogopa kuvunjika. Mteja mmoja wa Umoja akanirudishia jozi yake: "Nzuri, lakini zinanivuta masikio." Duara la sentimita 4 lenye unene wa milimita 3 likishachomwa lina gramu 5 hivi, na hapo sikio halilalamiki.

Kukata na kutoboa. Kifuniko cha mtungi, kikombe cha dawa ya kikohozi, chochote chenye ukingo mwembamba kinakata. Kumbuka udongo hunywea. Wangu hupungua karibu asilimia 10, kwa hiyo sentimita 4 hubaki 3.6. Tundu nalo hunywea, basi litoboe kubwa kuliko unavyodhani. Kipande cha mrija mwembamba kinafaa. Liwe milimita 4 kutoka ukingoni. Likikaribia zaidi, litamegeka siku ya kutia pete, ile ndogo ya waya inayoshika kulabu.

Kukausha. Hapa usikimbie. Usianike juani, hata Januari jua likiwaka vipi: ukingo hukauka kabla ya katikati na hereni hujikunja kama kaukau. Mimi huziweka katikati ya vipande viwili vya bodi ya jipsamu, yale mabaki ambayo mafundi wa dari huyatupa kwenye mjengo. Jipsamu hunyonya maji pande zote mbili sawasawa na uzito wake hunyoosha udongo. Funga kingo za bodi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa maana chembe ya jipsamu ikiingia kwenye udongo itabanduka baadaye na kuacha shimo.

Zikiwa ngumu kama ngozi ya kiatu, pitisha sponji yenye unyevu kwenye kingo. Usisubiri zikauke ndipo upige msasa. Vumbi la udongo lina silika na linaharibu mapafu.

Sasa shavu. Chukua kipande, kiguse shavuni. Kikikupa ubaridi, kina maji bado, hata kama rangi imepauka. Katika baridi ya Julai hapa Nairobi mimi husubiri wiki nzima. Watu husema hewa ndiyo hupasua udongo tanurini, lakini mara nyingi ni maji: yakipita nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huitengeneza.

Kuchoma. Oveni ya jikoni haifiki popote. Udongo huanza kuwa kigae maji yaliyomo ndani ya madini yake yakitoka, kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, na mchomo wa kwanza huupeleka karibu 1,000. Tanuri si lazima ununue. Lipia nafasi kwa mfinyanzi mwenye lake. Hereni hujipenyeza kati ya vyungu vyake na hazimli nafasi. Moto upande polepole, na mlango usifunguliwe hadi ndani pawe pa kushikika kwa mkono.

Kisha paka rangi ya kung'aa, isiyo na madini ya risasi, upande wa mbele tu, uchome tena kwa joto lililoandikwa kwenye kopo. Tone likifika mgongoni, lifute, la sivyo hereni itagandamana na rafu na wewe utanunua rafu.

Kutia kulabu. Utahitaji koleo mbili ndogo. Usivute pete kuipanua, itapoteza umbo: ncha moja isukume mbele, nyingine nyuma, tia hereni na kulabu, rudisha. Kulabu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani za bei ya chini huwasha masikio.

Jozi ya kwanza ya kila udongo mpya navaa mwenyewe, kutwa nzima, matatu na yote. Nikifika nyumbani nimesahau kuwa nimevaa kitu, naanza kukata nyingine.