Je, Ofisi ya Ubunifu Inakufaa?

Kabla ya kutia saini mkataba na kampuni inayojisifu kwa ubunifu, jiulize utapokeaje habari kwamba kazi yako ya miezi mitatu imewekwa kando. M-Pesa, iliyozinduliwa nchini Kenya Machi 2007, ilitokana na majaribio ya mwaka 2005 yaliyolenga kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji walipoonekana wakitumiana pesa wao kwa wao, mpango wenyewe ukabadilishwa. Mtu anayetulia tu anapokamilisha alichoagizwa angeumia hapo.

Katika usaili, usiulize kama wanathamini mawazo mapya, kwa maana hakuna atakayekana. Omba wakusimulie jaribio la mwisho lililoshindikana, nani aliamua lisitishwe, na aliyelibuni yuko wapi sasa. Msaili wako akimtazama bosi kwanza ndipo ajibu, umeshapata jibu. (Viti vya rangi na kahawa ya bure si ushahidi wa chochote.)

Kisha pima mfuko wako: mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto ana haki ya kuuliza iwapo mshahara wake unategemea mradi unaoweza kufungwa kabla ya mwaka kwisha.